Mkwe Yuko Ndani

Zuhra alipopiga simu, Bi Moza alikuwa uani anapepeta ufuta. Mama na binti hawakuwa wamesemezana tangu asubuhi, kwa hiyo aliiacha iite mpaka ikanyamaza. Ilipoita mara ya pili aliweka ungo chini, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, akaipokea bila salamu.

Zuhra naye hakusalimu. Alisema upesi, upepo ukimkatakata maneno, kwamba kituo cha watoto kimempigia, mtoto homa imempanda, ametapika mara mbili. Yeye yuko Malolo huko Ruangwa na wenzake wa kikundi, gari lao haliondoki mpaka saa tisa. Mama aende mjini akamchukue, ampeleke hospitali.

"Leo ndiyo unanijua," Bi Moza alisema. "Asubuhi nilikwambia mtoto anaungua, ukanijibu natafuta sababu."

"Mama, tutagombana nikirudi. Nenda kwanza."

Mtandao ukakata hapo. Bi Moza alijaribu kupiga yeye, akaambiwa namba haipatikani. Akajaribu ya baba wa mtoto, Seleman, utingo wa lori aliyekuwa njiani na mzigo, nayo ikawa hivyo hivyo. Akaichomeka simu kwenye pindo la kanga.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku moja tu. Akina mama kumi na wawili wa kikundi cha Nambambo walikodi Coaster kwenda kuona wenzao wa Malolo wanavyokamua mafuta ya ufuta kwa mashine. Walitangaziwa mapema kwamba watoto wadogo hawatakiwi karibu na mashine, kila mtu amwache wa kwake mahali pa kuaminika. Kumi na mmoja waliwaacha kwa mama zao au wakwe zao. Zuhra peke yake alimpeleka wake kwenye kituo cha kulelea watoto mjini Nachingwea, kwa shilingi elfu mbili, kama alivyozoea tangu Januari, na mama yake mzazi yuko nyumbani mzima wa afya, anapepeta ufuta. Majirani waliona. Bi Moza alijua kuwa waliona.

Ila majirani hao hao walikuwepo Januari pia, siku Zuhra alipotoka kituoni na fomu akamwomba mama yake jina lake liandikwe kwenye kadi, awe mtu wa pili wa kumchukua mtoto. Bi Moza alikuwa ameudhika kwamba mjukuu anaondolewa mikononi mwake. Akajibu kwa sauti ya kufika hadi barabarani: "Mimi si yaya wa mtu. Niandikwe kwenye makadi kama mzigo wa korosho?" Zuhra akakunja fomu, akaandika jina lake na la mumewe, basi.

Bi Moza alivaa viatu, akafunga kanga ya pili kiunoni kwa ajili ya kumbebea mtoto. Alitaka kuchukua na kadi ya kliniki, lakini ilikuwa ndani ya kabati la Zuhra, na ufunguo wa kabati ulikuwa Malolo. Alilitazama kabati lile, limefungwa kana kwamba nyumbani kuna mwizi, akatoka.

Kituo kilikuwa na geti la bati la bluu, limechorwa bata, tembo na mtoto mweupe mwenye puto. Katikati ya tumbo la tembo kulikatwa kidirisha. Ildefonsi, mtu mzima wa bodaboda aliyemleta kutoka Nambambo, alizima pikipiki akasema atamsubiri, maana hospitali ni mbele kidogo. Bi Moza akagonga.

Kidirisha kikafunguka, ukatokea uso wa mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, amefunga kilemba, kifuani ana aproni yenye doa bichi la uji. Huyo ndiye Prisila, mlezi wa zamu. Bi Moza alisema yeye ni bibi yake yule mtoto mgonjwa, amekuja kumchukua.

"Kadi," Prisila akasema.

"Kadi anayo mama yake. Yuko safari."

"Kwenye kadi wewe umo?"

Bi Moza alikaza kanga kiunoni. "Simo," alisema.

Prisila alishusha pumzi kama mtu aliyeongezewa ndoo kichwani. Akaeleza kwamba ni kweli mama wa mtoto alipiga, akasema mama yake anakuja, simu ikakatika hapo hapo. Lakini kusema mama anakuja ni kitu kimoja, na kujua mama mwenyewe ni yupi ni kitu kingine. Mwezi uliopita shangazi mmoja alikuja na pipi, mtoto akamkimbilia kwa furaha, akaondoka naye. Kumbe wazazi wameachana na wanagombania mtoto. Jioni mama yake alikuja na askari wawili. Mwenye kituo, Madam Valentina, akamkata Prisila nusu ya mshahara, na akamwambia likitokea tena asisubiri kuambiwa, afungashe aende.

"Mimi nina sura ya mwizi wa watoto?" Bi Moza akauliza.

"Yule shangazi naye hakuwa na sura ya wizi, bibi. Alikuwa amevaa vizuri kukuzidi."

Ildefonsi akageuza uso. Bi Moza alishusha macho kwenye kanga yake yenye makapi ya ufuta, akaikung'uta mara moja, kisha akaona aibu kwamba ameikung'uta.

Akasema kwa upole aliouokota kwa shida kwamba mtoto huyo, masika iliyopita, homa ilimpanda mpaka degedege ikamshika, macho yakageuka, akang'ata ulimi ukatoka damu. Daktari aliwaambia homa yake isiachwe ikae. Huko ndani amepewa nini? Prisila alisema amefutwa kwa kitambaa cha maji, amelazwa kwenye mkeka. Dawa hawaruhusiwi kumpa mtoto wa mtu, na hospitali hawaruhusiwi kumpeleka bila mzazi, imeandikwa kwenye masharti na mama yake aliweka saini.

"Kwa hiyo dawa hampi, hospitali hampeleki, na mimi hunipi."

"Sijasema sikupi." Prisila alipiga simu mbele yake, akaweka sauti ya nje. Madam Valentina hakuuliza mtoto anaendeleaje. Alisema hakuna kadi, hakuna mtoto, na kama Prisila anataka kuwa na huruma awe nayo kwa mshahara wake mwenyewe.

Prisila aliitazama simu ilipokatika. Pengine aliona haya, maana sauti ilishuka kidogo. "Haya, bibi. Mimi nitajibeba. Nitajie jina la mtoto lililo kwenye daftari langu, nikutolee. Jina tu. Mtu wa nyumbani hashindwi jina."

Hapo ndipo Bi Moza alipokwama.

Jina la mtoto alilijua. Alilijua kuliko mtu yeyote pale Nachingwea, na hakuwahi kulitamka. Lilikuwa jina la baba wa marehemu mumewe. Bi Moza aliolewa katika nyumba ya mzee yule akiwa binti wa miaka kumi na sita, na kwa desturi aliyofunzwa, mwanamke hatamki jina la mkwe wake, akiwa hai wala akishazikwa. Mkwe ukimkuta njiani unampisha, unainamisha uso, unapita. Jina lake linakaa tumboni mwako kama siri ya watu wawili. Kulikuwa na muuza chumvi sokoni mwenye jina hilo hilo, na Bi Moza kwa miaka yote alimwita "yule wa chumvi". Siku ya kuandikisha vitambulisho, karani alipomwuliza jina kamili la mume, alilisema la kwanza, kwa la pili akamsukuma jirani yake aseme.

Zuhra alipojifungua, mume wa Bi Moza, wakati huo bado hai, alimwomba binti yake ampe mtoto jina la baba yake yeye mzee. Akapewa. Tangu hapo Bi Moza alimwita mjukuu wake Mkwe, na nyumba nzima ikafuata. Mtoto alipofika umri wa kuuliza kwa nini, walitunga mchezo. Bi Moza anasimama mlangoni, anasema, "Hodi, mkwe, nipite?" Mtoto anageuza uso ukutani, anajibu, "Pita, nimegeuka." Hapo bibi anapita akiwa ameinama, na wote wawili wanacheka. Walifanya hivyo kila siku kabla ya kituo.

"Bibi, nakusikiliza," Prisila alisema.

"Sisi tunamwita Mkwe."

"Hilo si jina. Nataka jina."

"Niletee kalamu nikuandikie."

Prisila akacheka, kicheko kifupi cha uchovu. "Unaweza kuandika na kusema huwezi? Unatafuta muda wa kubahatisha."

Bi Moza alimgeukia Ildefonsi, kana kwamba angeweza kumsukuma aseme yeye, kama alivyomsukuma jirani mbele ya karani. Ildefonsi akanyanyua mabega. Alimjua mtoto kwa sura tu. Mle ndani watoto walikuwa wanaimbishwa herufi, na chini ya sauti zao Bi Moza alisikia mtoto mmoja anakohoa, kikohozi cha kutapika. Alikifahamu.

Alishika ukingo wa kidirisha kwa vidole. Akafumba macho.

"Harithi," alisema. "Harithi Seleman."

Ardhi haikupasuka. Muuza karanga alipita na ndoo yake. Bi Moza alifumbua macho, midomo imekauka kama aliyelamba majivu, akangoja geti lifunguliwe.

Prisila alikuwa anapitisha kidole kwenye daftari. Alishuka mpaka chini ya ukurasa, akapanda tena juu.

"Hakuna Harithi hapa."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Watoto kumi na tisa, nawajua kama vidole vyangu. Harithi hayupo." Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ngumu, na safari hii ilikuwa na hofu ndani yake. "Bibi, sijui umetumwa na nani. Nenda, nisije nikaita watu."

Kidirisha kikafungwa. Tumbo la tembo likawa zima.

Bi Moza alisimama pale pale. Kama angepigwa kofi angejua pa kushika. Miaka arobaini na minne alikuwa amelilinda jina lile, amelitoa sasa barabarani, mbele ya mwenye bodaboda na msichana mwenye doa la uji kifuani, na halikununua kitu. Ildefonsi alijifanya anakagua tairi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba labda waende polisi, wakaeleze.

"Nikaeleze nini? Kwamba simjui mjukuu wangu jina?"

Akasogea pembeni ya geti, palipokuwa na dirisha la nondo juu ya ukuta, lililo juu mno kwa kuchungulia. Akaegemeza mkono ukutani. Watu wawili waliokuwa wanangoja kusaga mahindi kwenye mashine ya jirani wakageuka kumtazama, na yeye akaacha wamtazame.

"Hodi, mkwe," akaita. "Nipite?"

Herufi ziliendelea kuimbwa. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, sauti ikamkatikia katikati. Mmoja wa wale watu wawili akacheka. Ndani, wimbo ukasita.

"Hodi, mkwe. Nipite?"

Halafu kutoka chini ya dirisha, kwa sauti nyembamba iliyokwaruzwa na matapishi, mtoto akajibu, "Pita, nimegeuka."

Geti lilifunguliwa lote, si kidirisha. Prisila alikuwa amembeba mtoto begani, kichwa kimelala upande. Hakumtazama Bi Moza usoni.

"Nilipomfuata kwenye mkeka wake alikuwa ameangalia ukuta," alisema. "Siku ya kwanza alipoletwa nilimwuliza anaitwa nani, akasema Mkwe. Nikadhani ananitania. Watoto walimcheka wiki nzima, kila mtu anamwita mkwe wake. Mama yake akaja akasema niandike Rayani." Akampa mtoto, akamsogezea daftari. "Weka saini hapo. Na siku nyingine ukija, hapa anaitwa Rayani Seleman. Yakinipata ya kunipata kwa Madam, ujue ni kwa ajili yenu."

Bi Moza aliandika jina lake, herufi moja moja, mtoto akiwaka shingoni mwake kama kaa la moto. Hakuaga.

Hospitalini walimpima damu kwa kumtoboa kidole. Malaria, na imepanda. Nesi, jina lake Catherine, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimchoma sindano akamlaza kitanda cha dirishani. Alisema mmemleta kwa wakati, ingepita saa moja nyingine mngekuja na maneno mengine. Kisha akavuta daftari lake.

"Jina la mtoto?"

Bi Moza alikuwa anamfuta mtoto jasho. Alikuwa na majina mawili sasa, moja la kaburini na moja alilopewa getini.

"Harithi Seleman," akasema.

Mara ya pili lilitoka kama kutema kokwa. Nesi akaandika bila kunyanyua macho.

Saa kumi na moja na nusu Zuhra alifika, kanga ya sare ya kikundi ikiwa imejaa vumbi jekundu. Chupa ndogo ya mafuta ya ufuta waliyozawadiwa Malolo ilikuwa bado mkononi. Alikuwa ameanzia kituoni, akaelezwa. Bi Moza alimwona kupitia mwanya wa pazia na mlango ulioachwa wazi nusu, amesimama mbele ya meza ya nesi, anahema. Kitanda na kiti cha bibi vilikuwa nyuma ya pazia hilo la kijani. Aliyekuwa nje hakuona ndani.

"Namtafuta mwanangu. Rayani Seleman, wa miaka minne."

Catherine alishusha kidole kwenye daftari. "Hatuna Rayani."

"Ameletwa mchana. Na bibi yake."

"Mabibi wameleta watoto wengi leo, mama. Rayani sina."

Bi Moza angeweza kukohoa tu, binti yake akajua yupo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Akasikia binti yake akiuliza tena, sauti imeanza kupasuka, labda amepelekwa chumba kingine, labda hospitali nyingine, labda. Akasikia nesi akimwambia atulie, aseme jina sawasawa, mzazi anashindwaje jina la mtoto wake. Mtu mmoja kwenye benchi akaguna. Bi Moza aliyahesabu maneno hayo moja moja, kama alivyohesabiwa yeye getini, na hakukohoa.

Zuhra aliinamia daftari. Chupa ya mafuta iligonga ukingo wa meza.

"Harithi," akasema. "Tazama Harithi."

"Huyo yupo. Kitanda cha dirishani."

Zuhra alivuta pazia. Alimwona mtoto kwanza, akamgusa paji la uso, miguu, kifua, kisha akamwona mama yake amekaa hatua mbili kutoka mlangoni.

"Ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Ukaniacha."

"Mimi niliachwa getini nikaambiwa niondoke, nisije nikaitiwa watu. Nililitamka lile jina, Zuhra. Nimelitamka barabarani, mdomo huu. Wakaniambia halipo." Alisema bila kupandisha sauti, maana kulikuwa na wagonjwa. "Baba yako aliomba kitu kimoja tu kabla hajafa. Nani alikupa ruhusa ya kulifuta?"

Zuhra alimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa mengine.

"Sikulifuta. Halikuwepo," alisema. "Nani aliwahi kumwita Harithi nyumbani? Wewe hukusema, sisi tukakufuata. Mwanangu ana miaka minne, anaulizwa jina anasema Mkwe, wenzake wanamcheka mpaka anajikojolea. Nilimwambia wewe ni Harithi, akanijibu Harithi ndiye nani. Nikampa jina ambalo mtu anaweza kumwita. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ungekuja kuniuliza."

"Nilikuja. Nilikuja na fomu mkononi, nilitaka tuandike wote, jina lake na lako. Ukaniambia mbele ya majirani wewe si mzigo wa korosho."

Bi Moza alimvutia mtoto shuka miguuni. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke aliyefungwa bandeji mguuni, alikuwa ameacha kujifanya amelala.

"Na asubuhi nilikwambia anaungua," Bi Moza akasema, maana hilo tu ndilo lililombakia.

"Uliniambia," Zuhra alikubali. Akaweka chupa ya mafuta chini ya kitanda, akakaa ukingoni mwa godoro, upande wa pili. Hawakutazamana tena. Nesi alipita akawasha taa, akauliza kati yao nani anabaki usiku, maana ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa. Kila mmoja alisema mimi. Nesi akasema waelewane, atarudi.

Hawakuelewana. Walikaa hivyo, mama kwenye kiti, binti godoroni, mpaka mtoto alipojinyoosha na kufumbua macho, jasho limemlowesha nywele, ngozi imepoa.

"Rayani," Zuhra akamwita, akamwinamia.

"Harithi," Bi Moza akaita papo hapo, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Ilikuwa mara ya tatu.

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake. Alizitazama nyuso hizo mbili kama zimekuja kumdai. Kisha polepole, akiburuta shuka, akajigeuza mpaka pua ikagusa ukuta wa hospitali.

"Piteni," alisema. "Nimegeuka."

Hakuna aliyepita.